Nyinyi Mwazindua, Sisi Twaloa

Hebu tupange tarehe kwanza, manake watu wa huku twasahau haraka.

Mwanzoni mwa Septemba 2023 Rais alikuja Mombasa kuzindua pikipiki za umeme. Helmeti mpya, bendera, makofi, kila mtu na simu juu. Siku chache baadaye, tarehe 4 hadi 6, viongozi wa bara zima wakakusanyika KICC Nairobi kwa Kongamano la Tabianchi la Afrika. Siku tatu za hotuba. Halafu vuli ikaingia na El Niño mgongoni. Kufikia Novemba barabara ya Lamu ilikuwa imekatwa na maji kule Gamba, na hapa mjini watu wamevua viatu, suruali zimekunjwa mpaka magotini, wavuka barabara kama wavuvi waliokosa ngalawa.

Miezi mitatu. Sina haja ya kutia chumvi, tarehe zenyewe zatosha.

Swali langu ni dogo tu: ile pikipiki ya umeme ikifika kwenye maji ya magoti, yafanya nini? Yasimama. Palepale inaposimama ya petroli.

Hiyo ndiyo vita yangu na mashirika ya usafiri ya nchi hii. KeNHA, KURA, KPA, NTSA na idara ya uchukuzi ya kaunti, nyote kwa pamoja. Mkisikia "mabadiliko ya tabianchi" mwafikiria moshi, na mkifikiria moshi mwafikiria betri, na mkifikiria betri mwafikiria jukwaa la kuzindulia. Sisi tunaoishi kisiwani twafikiria maji. Na jua. Kenya nzima hutoa chini ya asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia. Tuktuk zote za Mombasa zikigeuka za umeme kesho asubuhi, bahari haitajua. Lakini bahari yenyewe yapanda, mvua yashuka kwa hasira, na hizo mbili zinakutana kwenye mtaro ulio mbele ya duka la mtu.

Sikatai betri, jamani. Moshi wa dizeli pale steji ni sumu, na wanaoumeza ni mama wa mboga na makanga, si waziri. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa ni safi, wa mvuke wa Olkaria, wa maji, wa upepo. Mtu wa boda akiokoa pesa ya mafuta, mimi nampigia makofi. Ninachokataa ni betri kugeuzwa pazia, nyuma yake mtaro umeziba.

Wazee wetu wana neno: bamvua. Zile siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yajaa mpaka yatisha, na yakipwa yapwa mpaka miamba yaonekana. Hapa Mombasa, siku za bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mvuvi wa Mji wa Kale aijua kalenda hiyo bila kufungua simu.

Sasa chukua mtaro wa maji ya mvua. Mtaro wamwaga baharini, na mdomo wake uko chini. Bamvua likijaa, bahari yauziba ule mdomo. Maji ya mvua hayana pa kwenda, yarudi barabarani, yaingia dukani, yaingia sebuleni. Mvua ileile ingenyesha saa sita baadaye, bahari ikiwa imepwa, sehemu kubwa ingeondoka zake. Na bahari inavyopanda, hata kidogo kidogo, ndivyo siku za mdomo kuzibwa zinavyoongezeka. Kuna utafiti kuhusu Mombasa uliochapishwa mwaka 2008, ulikadiria kwamba bahari ikipanda sentimita 30 tu, kama asilimia 17 ya eneo la Mombasa laweza kuzama. Sentimita 30 ni rula ya shule. Rula moja, wasee.

Kinachoniuma ni kwamba hili si jambo la kushtukiza. Jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka mzima lipo, na KPA ndiyo huchapisha. Idara ya hali ya hewa hutoa utabiri wa mvua. Ukichukua karatasi hizo mbili ukaziweka mezani pamoja, wapata siku ambazo Mombasa iko hatarini, kabla hata ya wingu kuonekana. Siku hizo ungetuma watu kuzibua mitaro mapema, ungeambia shule na wenye matatu, ungeweka pampu tayari. Hiyo haihitaji mkopo wa Japani. Yahitaji ofisi mbili zipigiane simu.

Na hapo ndipo mchezo unapoanza. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Mifumo ya maji ya mvua mijini: kazi ya kaunti. Barabara za kaunti, kaunti. Barabara kuu, taifa, yaani KeNHA. Barabara za mijini zilizo chini ya taifa, KURA. Feri? Jedwali hilohilo laweka feri upande wa kaunti, lakini feri yetu ya Likoni ilibaki kwa taifa, kwanza Kenya Ferry Services, sasa KPA. Kwa hiyo tone moja la mvua laweza kuanguka juu ya lami ya shirika moja, likateremka kwenye mtaro wa shirika la pili, likapita chini ya barabara ya shirika la tatu, na likakwama hapo. Uliza ni la nani. Kila ofisi itakuonyesha mstari wa sheria unaosema si yake, na kila moja itakuwa na ukweli kidogo. Mama anayekwangua tope dukani hana hamu ya mistari.

Najua mtu ataniandikia hapa chini, "lakini nyinyi vijana ndio mwatupa chupa kwenye mitaro." Ndiyo, watu hutupa, na ni aibu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na bado chupa na vikombe vimejaa. Lakini mtaro mwembamba uliopigiwa hesabu kwa mvua ya zama za babu utafurika hata ukiusugua kwa mswaki. Usafi ni wetu sote. Upana wa mtaro ni wa injinia.

Sasa tuje kwa jua, manake hili halizungumzwi kabisa.

Ukiwa na gari, joto la Machi ni jambo la kugeuza kitufe. Wengi wetu hatuna gari. Twaenda kwa miguu mpaka steji, twasimama steji isiyo na paa, twabanwa kwa matatu, twashuka, twaenda tena kwa miguu. Sehemu kubwa ya "usafiri" wa kisiwa hiki ni miguu, na mguu hauna shirika linalouwakilisha. Barabara ikipanuliwa, mti ndio wa kwanza kwenda, kisha njia ya miguu, kisha kile kilichobaki cha njia ya miguu chageuzwa maegesho.

Nendeni mtembee Mji wa Kale saa nane mchana. Ingia Ndia Kuu kutoka upande wa Ngomeni, kata vichochoro mpaka Bandari ya Kale. Nyumba zimesogeleana, kivuli cha huyu chamfunika yule, upepo wa bahari wapenya katikati, na kuna baraza ya kukaa ukichoka. Toka ukaingie Barabara ya Digo, wahisi kama umefunguliwa tanuri usoni. Waliojenga ule mji hawakuwa na digrii ya tabianchi. Walijua jua ni jua, wakajenga mji wa mtu anayetembea. Halafu leo mtaalamu aja na michoro kutufundisha "miji ya watembea kwa miguu" kana kwamba ni ugunduzi.

Tena kisiwa hiki kilikuwa na usafiri usiotoa moshi miaka zaidi ya mia iliyopita. Kuanzia miaka ya 1890 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920 kulikuwa na vigari vya troli hapa, juu ya reli nyembamba, vyenye kiti na kipaa cha kuzuia jua, vikitoka upande wa Mji wa Kale mpaka Kilindini. Sivisifu sana, maana injini yake ilikuwa binadamu: wanaume wakisukuma kwa miguu juani, na aliyekaa kivulini mara nyingi alikuwa afisa wa mkoloni. Lakini angalia hata wakati ule kivuli kilipewa nani. Sasa hesabu, leo mwaka huu, steji ngapi kisiwani zina paa.

Na feri. Wallahi tukifika hapa roho yangu huchemka.

Feri ya Likoni hutajwa kubeba watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na anayevuka kwa miguu halipi. Hilo ni jambo zuri, tusilichezee. Ni moja ya usafiri wa umma wa bure mkubwa kabisa katika sehemu hii ya dunia, na wa watu wa kawaida: wanafunzi, mafundi, walinzi, wapika mahamri, wauguzi wa zamu ya usiku. Ukitaka mji wenye moshi kidogo, huo hapo, tayari watembea. Shirika lolote linalosema lajali tabianchi lingeanza kuwekeza hapo kabla ya kwengine kokote.

Lakini tazama pesa zimeelekea wapi. Mwenye gari anayetaka kwenda Diani leo ana Dongo Kundu. Barabara ya maana, madaraja marefu, hagusi feri. Sawa, tumefurahi. Daraja kubwa la Likoni, lile la mkopo wa Japani, tumeanza kulisikia tukiwa wadogo na bado twalisikia. Na mtu wa miguu? Ana feri ileile, mteremko uleule, foleni ileile juani. Bahari ikipwa sana siku za bamvua, mteremko wa kupandia wawa mkali na magari marefu yangoja, foleni yarudi nyuma, na watu wa miguu wasukumwa pembeni. Bahari ikibadilika zaidi, huo mteremko ndio wa kwanza kuumia. Nani anafanya hesabu hiyo? Msongamano juu ya maji si mzaha katika mji huu. Mtongwe, Aprili 29, 1994, watu 272. Kuna nyumba Likoni ambazo tarehe hiyo haijapita bado.

Wataniambia ujenzi huchukua muda. Hapana. Mwaka 2020 serikali ilipoogopa korona, daraja la kuelea la miguu la Liwatoni lilijengwa ndani ya mwaka huohuo, na Januari 2021 watu wakaanza kulivuka. Lilikuwa na kasoro zake, lilifunguliwa na kufungwa kupisha meli, wengi walilalamika kutembea mwendo mrefu. Lakini lilinifundisha kitu kimoja: mkiogopa, mwajenga haraka. Shida ni kwamba mafuriko hayajawahi kuwatisha. Mafuriko hayaingii mlango wa ofisi ya ghorofa ya tano.

Pesa? Haya, tuzungumze pesa. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli yakatwa shilingi 25 ya kutunza barabara. Awali ilikuwa 18. Kila ukipanda tuktuk kwenda Marikiti umelipa, kila ukipanda matatu ya Mtwapa umelipa, hata ukila viazi karai umelipa, manake viazi havikuja kwa miguu. Kisha tukawaona magavana na wabunge wakivutana juu ya bilioni 10.5 za mfuko huo, nani azitumie. Kwa hiyo msituambie hakuna. Iko, yapiganiwa.

Na si kwamba hawajui kufanya. Hapa natoa sifa, mtashangaa. Mnakumbuka Makupa ilivyokuwa? Ile njia ya mawe na udongo iliyounganisha kisiwa na bara ilikuwa kama ukuta. Maji ya upande wa Tudor na ya upande wa Port Reitz hayakuonana miaka mingi, mkondo ukakatwa, matope yakajaa. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja, kama mita 457, KPA ikagharamia, na ukuta ukatolewa ili maji yapite chini. Hilo ndilo jibu la tabianchi kutoka kwa shirika la usafiri. Hakuna betri pale. Ni injinia aliyekubali kwamba maji yana haki ya njia. Kwa nini wazo hilo liliishia Makupa? Kwa nini halikuingia mitaani, kwenye kila kalvati?

Tukitaka somo la kuogopesha, tuangalie jirani. Dar es Salaam ilianza mabasi yaendayo haraka Mei 2016, mradi mzuri, sote tuliona wivu. Lakini karakana ya mabasi ikawekwa Jangwani, bondeni mwa mto Msimbazi, mahali ambapo jina lake na historia yake vyote vyakuambia maji hupita. Mafuriko yakaja mara kwa mara, mabasi yakaingiliwa na maji, barabara ya Morogoro ikafungwa pale pale Jangwani. Basi safi, la kisasa, limesimama ndani ya tope. Baadaye ikabidi mipango mipya ya mabilioni: kuinua daraja, kuhamisha karakana. Wangemuuliza muuza mchicha wa bondeni angewaambia bure. (Kwa haki, Dar ina cha kutufunza pia. SGR yao ya umeme ilianza kubeba abiria Juni 2024. Yetu ya 2017 bado yanguruma kwa dizeli. Lakini hiyo ni posti ya siku nyingine.)

Tena kuna ile tabia ya kugeukia wadogo. Kila baada ya muda twasikia tuktuk zitolewe katikati ya mji, boda zitolewe, zaleta fujo na uchafu. Fujo ipo, sikatai. Lakini tuktuk imejaa kwa sababu hakuna basi la umma kisiwani. Haikushuka mbinguni, ilikuja kujaza pengo mliloliacha nyinyi. Kumfukuza dere wa tuktuk kwa jina la mazingira huku malori ya kontena yakiunguruma Changamwe usiku kucha, hiyo si sera ya tabianchi. Huko ni kumpiga aliye karibu na mkono.

Basi, tufanye nini sisi? Mimi sina imani na hashtegi. Lakini kuna silaha mbili ziko wazi na hakuna anayezigusa.

Ya kwanza ni Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Yataka kila shirika la umma la taifa liwe na kitengo cha tabianchi chenye watu na pesa, kiongozwe na afisa wa ngazi ya juu, na litoe ripoti kila mwaka. Kila mwaka. KeNHA, KURA na KPA zote zimo. Kwa hiyo kuna mtu, mwenye jina na meza, ambaye mshahara wake ni kufikiria mtaro wako. Mwamjua? Mimi simjui.

Ya pili ni Sheria ya Kupata Habari, ya 2016 pia. Mkenya yeyote aweza kuandikia ofisi ya umma akitaka habari, na yasema wazi kwamba waweza kuandika kwa Kiswahili. Kuwasilisha ombi ni bure. Wana siku 21 kujibu. Wasipojibu, au wakikujibu ovyo, wapeleka kesi kwa Tume ya Haki ya Kiutawala. Huhitaji wakili wala kumjua mheshimiwa.

Kwa hiyo wiki hii naandika barua tatu, kwa KURA, KPA na kaunti. Nauliza mambo haya: ripoti yenu ya mwisho ya tabianchi ni ya mwaka gani na yapatikana wapi? Mitaro ya kisiwani ilipigiwa hesabu kwa mvua ya miaka gani? Ni midomo mingapi ya mitaro inayofunikwa na bahari siku za bamvua, na mingapi imewekewa mlango wa kuzuia maji yasirudi? Nani ana ramani moja ya mitaro yote, ya taifa na ya kaunti pamoja? Na kwa KPA peke yake: miteremko ya feri imepangiwa nini bahari ikipanda ile rula moja, na kivuli cha wanaongoja kwa miguu kiko kwenye bajeti ya mwaka upi?

Nawe chagua mtaro wa mtaa wako, Kibokoni, Majengo, Tudor, Ganjoni, popote. Upige picha kukavu, uandike tarehe, uulize wa nani. Ukituma barua yako niambie, tuhesabu siku pamoja. Majibu yatakayokuja nitayaweka hapa yote jinsi yalivyo, na yasiyokuja nitaweka tarehe ya siku ya 22.